Kuchagua Bunduki ya Kuwinda Ndege

Maneno yaliyosemwa kwa walimaji wakati wa kiangazi

Walimaji, rafiki zangu,

Leo sitasema nanyi habari ya mbegu wala habari ya mbolea. Nitasema habari ya bunduki. Labda mtashangaa na kuuliza: Bunduki ina kazi gani na shamba? Ngojeni kidogo, mtaona.

Ninyi mnaolima mihindi na karanga katika Katanga, kandokando ya Lualaba na Luapula, mnawajua kanga. Mtu anapanda mihindi yake mstari kwa mstari, anafukia mashimo vizuri, anarudi nyumbani na furaha. Asubuhi kanga wanafika, ishirini, thelathini. Wanafuata mstari kama watu waliofundishwa kazi. Wanachakura shimo kwa shimo, wanakula mbegu. Mvua inanyesha, mihindi haioti. Mwenye shamba anasema: Mbegu ilikuwa mbaya. Kumbe mbegu ilikuwa njema, imekwisha kuingia katika matumbo ya kanga. Tena karanga zikikomaa wanarudi, na kwale wanakuja pamoja nao.

Basi mlimaji aliyepata feza kidogo anasema moyoni: Nitanunua bunduki. Nitalinda shamba langu, na watoto wangu watapata nyama. Kanga mmoja mkubwa ana uzito wa kilo moja na zaidi, na nyama yake ni tamu. Shauri hili si baya. Lakini kati ya shauri na bunduki kuna njia, na katika njia ile watu wengi wameanguka. Mmoja amemaliza feza ya mavuno mawili, akapata chuma kibovu. Mwingine amepata bunduki nzuri, lakini kartushi zake hazipatikani. Mwingine amepoteza mkono. Kwa hiyo nataka tutembee njia hii pamoja, polepole, mpaka mwisho.

Mbele ya yote, ruhusa

Usitoe feza hata moja mbele ya kuuliza habari ya ruhusa. Katika Kongo kuna sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982, na sheria ya silaha ya mwaka 1985. Karatasi ya kushika bunduki ni moja, na karatasi ya kuwinda ni nyingine. Nenda kwa wakubwa wa teritware, uliza, andika majibu. Mtu anayenunua bunduki kwa siri gizani amenunua hofu: hawezi kuipeleka kwa fundi, hawezi kuuliza kartushi mbele ya watu, na siku ikionekana atapoteza bunduki na feza pamoja.

1. Kartushi kwanza, bunduki nyuma

Watu wengi wanaanza kwa kuangalia bunduki. Wanaona mbao inang'aa, wanaona ndege waliochorwa katika chuma, moyo unapenda. Mimi nasema: fumba macho yako. Nenda kwanza katika duka lenye ruhusa ya kuuza kartushi, uulize: Kartushi gani ziko hapa mwaka mzima? Si kartushi zilizokuja mara moja na kwisha. Ukijua jibu, ndipo utafute bunduki inayokula kartushi ile. Bunduki bila kartushi ni fimbo ya bei kali.

Kartushi za marisaa zina namba: 12, 16, 20 na nyingine. Namba hii ni nini? Sikieni, ni hesabu ya wazee wa Ulaya. Walitwaa ratili moja ya risasi, karibu grama 454, wakaigawanya katika vidonge 12 vilivyo sawa. Mtutu uliopokea kidonge kimoja katika vile sawasawa, wakauita mtutu wa 12. Wakigawanya ratili katika vidonge 20, kila kidonge ni kidogo zaidi, na mtutu wake ni mwembamba zaidi. Basi shikeni neno hili, maana linadanganya watu: namba ikipanda, mtutu unapungua. Mtutu wa 12 una upana wa karibu milimita 18 na nusu. Wa 16, karibu milimita 17. Wa 20, karibu milimita 15 na nusu.

Ya 12 inachukua marisaa mengi, desturi grama 32 hivi. Ya 16 inachukua grama 28 hivi, na ya 20 grama 25 hivi. Bunduki ya 20 ni nyepesi, inafaa mtu mwenye mwili mdogo, na inaua kanga vizuri akiwa karibu. Bunduki ya 16 ilipendwa sana na Wabelgiji na Wafaransa wa zamani. Ni nyepesi kuchukua kutwa nzima. Lakini kwa mlimaji wetu nasema bila kusitasita: chagua 12. Sababu si nguvu yake. Sababu ni kwamba kartushi za 12 ndizo zinazoonekana mahali pengi kuliko nyingine.

2. Nyumba moja, kartushi moja

Sasa nitawaeleza jambo lililotokea kwetu nyumbani, maana sitaki litokee kwenu.

Baba yangu mkubwa alikuwa na bunduki ya 12, ya mitutu miwili, nzuri. Mgeni mmoja kutoka mjini alimwachia kartushi chache za 20, bure. Baba mkubwa hakukataa. Nani anakataa kitu cha bure? Akasema: Labda nitamgawia mtu. Akazitia katika mfuko pamoja na zake. Siku zikapita, akasahau.

Asubuhi moja alikwenda shamba la karanga. Kulikuwa na umande, na jua halijatoka. Aliingiza mkono mfukoni, akatia kartushi mbili bila kuangalia. Kanga waliruka. Akavuta mtutu wa kuume: kimya. Akafungua bunduki, akaona chumba cha kuume ni kitupu. Akasema: Nimesahau kutia. Akatia kartushi nyingine, ya 12, akafunga. Kanga wa nyuma wakaruka. Akavuta.

Mtutu ulipasuka mahali pale mkono wa kushoto unapoushika. Sisi kijijini tulisikia mlio usiokuwa mlio wa bunduki. Tulimpeleka hospitali juu ya kinga, mimi nikiisukuma, damu ikidondoka njiani. Alipona, lakini vidole vitatu vya mkono wa kushoto havikurudi. Hata leo akitaka kufunga mzigo wa kuni anaita mtoto.

Nini ilitokea? Kartushi ya 20 ni nyembamba. Ukiitia katika bunduki ya 12, haikai katika chumba chake. Inateleza mbele, inakwama ndani ya mtutu, karibu na mahali pa mkono wa kushoto. Ukifungua bunduki, unaona chumba ni kitupu, usipochungulia ndani ya mtutu mpaka mwisho. Ukitia kartushi ya 12 nyuma yake na kupiga, moto na marisaa yanaikuta kartushi ile njiani. Hakuna chuma cha bunduki kinachovumilia jambo hili, hata bunduki ikiwa mpya, hata ikiwa ya bei ya ng'ombe kumi.

Watengenezaji wengi wanapaka kartushi za 20 rangi ya manjano, watu wazitambue upesi. Lakini msitumaini rangi tu, na gizani rangi zote ni moja. Sheria yetu iwe hii: katika nyumba moja, namna moja ya kartushi. Mtu akikupa kartushi za namba nyingine, mrudishie palepale. Na ukivuta bunduki isilie, uingoje kwanza, mdomo wake ukiangalia chini mbali na watu, uhesabu polepole mpaka 30. Kisha uifungue, uichungulie mpaka uone mwanga upande wa pili.

3. Urefu wa chumba

Namba ya pili ni urefu wa kartushi. Katika chuma cha bunduki nyingi mtaona imeandikwa 12-65, au 12-70, au 12-76. Namba ya nyuma ni urefu wa chumba cha kartushi, kwa milimita. Bunduki nyingi za zamani zina chumba cha 65. Nyingi za sasa zina 70 au 76.

Kartushi ndefu isitiwe katika chumba kifupi. Utaniambia: Lakini inaingia! Ndiyo, inaingia, maana mdomo wa kartushi umekunjwa. Ikilia inakunjuka, inakosa nafasi, inabana njia ya marisaa, na nguvu inarudi nyuma kuliko kipimo. Kartushi fupi katika chumba kirefu haina hatari hiyo. Basi someni namba ya bunduki, someni namba ya kartushi. Asiyejua kusoma amwite mtoto wake anayesoma, si aibu.

4. Mtutu mmoja au miwili

Bunduki ya mtutu mmoja inayokunjika katikati ni nyepesi, bei yake ni ndogo, haina vyuma vingi vya kuharibika. Ukiikunja unaona wazi kama ina kartushi au haina. Kwa mtu anayeanza, hii inatosha. Tena inafundisha adabu: aliye na pigo moja anangoja mpaka ndege yuko karibu.

Bunduki ya mitutu miwili, pembeni kwa pembeni au mmoja juu ya mwenzake, inakupa pigo la pili. Kwa desturi mtutu mmoja umebanwa mdomoni kuliko mwenzake, na faida yake nitaieleza mbele. Bei yake ni kubwa. Mbovu yake ni mbovu mara mbili.

Iko namna ya tatu, inayojitilia kartushi yenyewe. John Browning, Mmarekani, ndiye aliyebuni bunduki ya kwanza ya namna hii iliyoenea duniani, na ilianza kutengenezwa huko Herstal karibu na Liège, katika Ubelgiji, mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kazi ya akili sana. Lakini kwa mlimaji naiogopa. Ukipiga mara moja, kartushi nyingine imekwisha kuingia, wala huioni. Mtu anarudi nyumbani akidhani bunduki ni tupu. Tena mchanga na mavumbi ya kiangazi yanaingia katika vyuma vyake, na kijijini hakuna fundi wake.

Na bunduki ya fundi wa kijiji, iliyofuliwa kwa bomba la maji au chuma cha motokari? Nasema neno moja: hapana. Silaumu akili ya mafundi wetu. Wazee walitumia bunduki za fataki na mdeki, na mafundi waliziponya vizuri. Lakini kartushi ya leo ina nguvu nyingine. Bomba la maji lilitengenezwa kwa kuchukua maji.

5. Bunduki na mwili

Sasa umejua namba, umejua namna. Inabaki kujua kama bunduki inakupatana na mwili wako. Bunduki ya ndege si kama ile ya kupiga nyama mkubwa. Ndege anaruka, huna wakati wa kutafuta shabaha. Bunduki inakwenda mahali jicho linapoangalia, kama mkono unavyokwenda mdomoni gizani. Isipopatana na mwili, inakwenda mahali pengine.

Fanya hivi. Hakikisha kwa macho yako kwamba bunduki ni tupu. Tazama kitu kidogo mbali, kama jani la mti. Fumba macho, inua bunduki mpaka shavuni na begani, kisha fumbua. Jicho lako likiona juu ya mitutu, sawasawa mpaka mdomoni, na mdomo ukiangalia jani lile, bunduki hii ni yako. Ukiona mgongo wa chuma tu, kitako kimeinama mno. Ukiona mtutu mrefu kama barabara inayopanda mlima, kitako kimenyoka mno. Kitako kikikwama kwapani kabla ya kufika begani, ni kirefu. Fundi wa mbao anaweza kukikata kidogo. Kidole gumba kikigonga pua, ni kifupi. Fanya mara kumi, si mara moja.

Usisahau uzito. Bunduki ya 12 yenye kilo tatu hivi inafaa watu wengi. Nzito mno, utachoka na kuiacha nyumbani. Nyepesi mno, itakupiga bega, na mtu anayeogopa bega lake anafumba macho wakati wa kuvuta.

6. Kuangalia bunduki iliyotumika

Walimaji wengi hawatanunua bunduki mpya. Watanunua ya mtu mwingine. Basi angalieni mambo haya sita, na muuzaji akikasirika kwa sababu mnaangalia, rudini nyumbani na feza yenu.

La kwanza: chungulia mitutu mbele ya mwanga. Ndani iwe laini na kung'aa kama kioo. Vidoadoa vidogo vya kutu vinavumilika. Mashimo yanayoonekana kama ndui hayavumiliki.

La pili: pitisha vidole juu ya mitutu, nje, kutoka nyuma mpaka mdomoni. Kilima kidogo ni alama kwamba mtutu ulianza kupasuka. Usiununue hata kwa bei ya kuku.

La tatu: tazama chuma cha mitutu. Ukiona michoro kama ngozi ya nyoka au kama nyuzi zilizosokotwa, ni mitutu ya zamani iliyofuliwa kwa vyuma vingi vilivyozungushwa pamoja. Inapendeza macho. Ilitengenezwa kwa baruti nyeusi, haikutengenezwa kwa kartushi za leo. Itundike ukutani, usiipige.

La nne: toa mbao ya mbele, funga bunduki, shika kitako na kuitikisa karibu na sikio. Ikilia kama meno ya mzee, kiungo chake kimelegea. Tena iangalie mbele ya taa: mwanga usipite kati ya mitutu na chuma cha nyuma.

La tano: tundika mitutu peke yake kwa kamba, igonge kidogo kwa kidole. Ikilia kama kengele, ni nzima. Ikilia kama chungu chenye ufa, sehemu zilizounganishwa zimeachana.

La sita: tafuta alama. Katika mji wa Liège, tangu mwaka 1672, kuna mahali bunduki zinapojaribiwa kwa nguvu kuliko nguvu ya kartushi za desturi. Zile zilizoshinda zinapigwa alama katika chuma. Bunduki nyingi za zamani zilizo katika Kongo zilitoka huko. Tazama chini ya mitutu: herufi ELG ndani ya kitu kama yai. Ukiona tena simba mdogo juu ya herufi PV, bunduki ilijaribiwa kwa baruti kali isiyo na moshi. Pasipo alama ya kujaribiwa kwa baruti hii, ya Liège au ya nchi nyingine, usipige kartushi za leo. Lakini jueni, alama inasema habari ya siku ile bunduki ilipojaribiwa. Haisemi habari ya kutu iliyokuja nyuma.

7. Marisaa, na kujaribu kwa karatasi

Marisaa ni ya ukubwa mbalimbali. Namba zake zinapotosha, maana namba 6 ya Waingereza si sawasawa na namba 6 ya Wamarekani wala ya Wafaransa. Tafuteni milimita, mara nyingi zimeandikwa katika sanduku. Kwa kwale na njiwa, milimita 2 na nusu hivi. Kwa kanga na bata, milimita 2.7 mpaka 3. Ile kartushi ya marisaa makubwa tisa si ya ndege. Marisaa tisa hewani yanaacha nafasi ya kanga kumi kupita.

Na sasa neno la mdomo uliobanwa. Mitutu mingine imebanwa kidogo sana mdomoni, hata jicho halioni. Uliobanwa unatupa marisaa pamoja, mbali. Usiobanwa unayatawanya upesi. Mtu anafikiri: Uliobanwa zaidi ndio mwema zaidi. Sivyo. Ndege akiwa karibu, mtutu uliobanwa sana unamkosa, au unamvunjavunja mpaka nyama haina kazi. Kwa kanga na kwale chagueni usiobanwa sana, au nusu. Mwenye mitutu miwili awe na mmoja wazi kwa pigo la kwanza, na mmoja wa nusu kwa pigo la pili, maana wakati ule ndege amekwisha kwenda mbali.

Namna gani kujua? Mwombe muuzaji ruhusa ya kupiga kartushi mbili mbele ya kulipa. Gundisheni karatasi za magazeti kwa uji wa mihogo mpaka zipate upana wa metre moja na zaidi. Zisimamisheni mbele ya kichuguu kikubwa au kilima, pasipo mtu wala mbuzi nyuma. Pimeni metre 35, pigeni katikati. Kisha chorani duara ya sentimita 75 mahali matundu yalipo mengi, mhesabu. Kartushi ya 12 yenye grama 32 za marisaa ya milimita 2.7 ina marisaa karibu 280. Mtutu ulio wazi unatia karibu 110 ndani ya duara. Wa nusu, karibu 170. Uliobanwa kabisa, karibu 195. Lakini hesabu si yote. Tazameni kama matundu yameenea sawa. Mkiona mahali patupu penye ukubwa wa kanga, jueni kwamba kanga atapita hapo.

Karatasi hii itawafundisha neno lingine: kupita metre 35, msipige. Ndege aliyejeruhiwa anakufa porini, anakula mbweha, na kartushi imepotea.

Tena, marisaa ya risasi ni sumu. Yaondoeni katika nyama mbele ya kupika, na kukata nyama inayoyazunguka, hasa kwa ajili ya watoto. Yakianguka katika maziwa, bata wanayameza wakidhani ni changarawe, wanakufa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ilikatazwa kuyapiga mahali pa maji tangu mwaka 2023. Huko wanatumia marisaa ya chuma. Lakini chuma ni kigumu: msikitie katika bunduki ya zamani wala katika mtutu uliobanwa sana.

8. Je, unahitaji bunduki?

Rafiki zangu, nimesema mengi juu ya bunduki, na sasa nawauliza: kweli mnaihitaji? Hesabu pamoja nami. Andika bei ya bunduki, bei ya karatasi za ruhusa, bei ya kartushi za mwaka mmoja. Upande wa pili andika bei ya mbegu zilizoliwa na kanga, na bei ya nyama utakayopata. Kama shamba lako ni dogo, upande wa pili utashindwa. Panda upya mashimo yaliyochakurwa, weka watoto walinde siku kumi za kwanza, asubuhi na jioni, mpaka mihindi imetoka na kushika nguvu. Feza iliyobaki nunua kuku. Lakini kama walimaji wa mashamba makubwa wanapatana, mtu mmoja mwenye akili na ruhusa ashike bunduki moja njema kwa faida ya wote, hesabu inaweza kusimama.

Wala msifikiri kumaliza kanga wote. Baada ya mihindi kuota, kanga yule yule anakula panzi, mchwa na wadudu wanaoharibu mimea. Tunataka aogope shamba wakati wa kupanda. Hatutaki atoke katika nchi. Wakati wa mayai na vifaranga, bunduki ikae nyumbani.

Tena kuna ndege wasioguswa hata kidogo. Watu wa misitu ya Maniema na Ituri wanamjua tausi wa Kongo. Mwaka 1936 James Chapin, Mmarekani, alimtambulisha kwa wataalamu wa dunia. Alikuwa amemtafuta tangu alipoona unyoya wake mmoja katika kofia mwaka 1913. Ndege huyu hana nchi nyingine duniani, ni wa Kongo tu, na sheria inamlinda. Kasuku pia, na korongo mwenye taji, waacheni.

9. Bunduki nyumbani

Bunduki ikae imefungwa kwa ufunguo, kartushi zikae mahali pengine, zimefungwa pia, pakavu. Kila safari ikiisha, futa mitutu ndani kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Mbele ya kuvuka mto, mbele ya kupanda kichuguu, mbele ya kuingia mlangoni: kunja bunduki, toa kartushi, chungulia. Na mdomo wake usimwangalie mtu, hata kwa mchezo, hata ukijua ni tupu. Bunduki tupu ndiyo inayoua watoto.

Sasa namaliza. Yashikeni maneno haya saba, mwafundishe na wengine:

Uliza ruhusa mbele ya kulipa.
Jua kartushi ya duka mbele ya kuchagua bunduki.
Soma namba ya mtutu na urefu wa chumba.
Pima bunduki katika mwili wako.
Chungulia mitutu, tafuta alama.
Jaribu kwa karatasi, metre 35.
Nyumba moja, kartushi moja.

Mkisahau sita za kwanza, mtapoteza feza, na feza inarudi mavuno yakirudi. Ile ya saba msiisahau. Nimewaambia habari ya vidole vya baba yangu mkubwa. Havikurudi na mvua yoyote.

Basi, kwaherini. Mbegu zenu ziote vizuri.